Kupima kijito cha msitu wa mlimani kwa miaka mingi bila sifuri kukuhama

Wengi wanaoanza hii kazi wanaanza kwa kutafuta kifaa cha kurekodi. Mi nasema anza na nondo na simenti, kifaa kitakuja baadae. Sababu nitaieleza ila kwa kifupi ni kwamba kifaa kitakufa baada ya miaka mitano au saba utaweka kingine, lakini ile alama ya sifuri ambayo kimo cha maji kinapimwa kutoka hapo, ikihama sentimita mbili tu bila wewe kujua basi rekodi yako yote ya mbele ni hadithi.

Naongelea vijito vya juu kabisa, kule mto unapoanzia, unaruka hatua moja au mbili umevuka, juu msitu, chini mawe na mizizi, mteremko mkali. Kidakio chake, yaani eneo lote ambalo mvua yake inaishia kwenye hicho kijito, kinaweza kuwa hekta 10, hekta 60, kilomita ya mraba moja au mbili hivi. Na naongelea kupima kwa miaka 10, 20, 50. Ukitaka namba za mwezi mmoja kwa ajili ya ripoti huhitaji nusu ya haya.

Kwa nini miaka yote hiyo? Msitu unaenda polepole kuliko sisi. Kwenye milima inayolisha maji jiji la Melbourne kule Australia kulitokea moto mkubwa 1939 ukaua miti mirefu ya mikaratusi, na miti michanga iliyoota baada ya pale ikawa inakunywa maji kuliko ile mizee, vijito vikaendelea kupungua kwa miongo kadhaa baada ya moto, na kurudi hali ya zamani inakadiriwa kuchukua zaidi ya miaka 100. Sasa mtu aliyepima miaka mitatu tu baada ya moto angekuja na jibu la kinyume kabisa. Angalia vituo vya utafiti wa misitu na maji kule Marekani: Coweeta kule North Carolina wanapima tangu 1934, Hubbard Brook kule New Hampshire tangu miaka ya 1950, na Waswisi walianza kwenye vibonde viwili vya Emmental mwanzoni kabisa mwa karne iliyopita, kimoja msitu mtupu kingine msitu kidogo na malisho. Wengi waliopo huko leo wanategemea sifuri iliyowekwa na mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Sifuri ni nini hasa

Kijito hupimi maji yenyewe kila dakika, unapima kimo chake, alafu unageuza kimo kuwa lita kwa sekunde. Kwa vijito vidogo njia nzuri ni kujenga kizingiti cha ukuta mwembamba chenye pengo la herufi V. Maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanatulia, alafu yanamwagika kupitia pengo. Sifuri ni ile ncha ya chini ya V. Kimo ni urefu wa uso wa maji kutoka kwenye ncha hiyo.

Kwa V ya nyuzi 90, lita kwa sekunde ni kama 0.0138 mara kimo (kwa sentimita) kilichopandishwa kipeo cha 2.5. Usiogope, angalia tu namba zinavyokimbia: kimo cha sm 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde, sm 10 ni lita 4.4, sm 20 ni lita 25, sm 30 ni lita 68, sm 50 ni lita 244. Uzuri wa V ndio huo, kiangazi inasoma kamchirizi na masika inabeba mafuriko kwenye pengo lilelile. Ubaya wake ni kwamba kosa dogo kwenye kimo kidogo ni kosa kubwa kwenye maji.

Nimeshaumia kwa hili. Gogo lilishuka na maji likagonga ile rula ya kusomea kimo, ikalala pembeni, mwenzetu mmoja kwa roho safi kabisa akainyoosha akaikaza, na hakuandika popote. Ilikuwa imeshuka sm 2.3. Kiangazi kilichofuata kimo cha kweli kilikuwa sm 6, ambayo ni lita 1.2 kwa sekunde, rula inasema sm 8.3, ambayo ni lita 2.7. Kifaa nacho tulikuwa tunakirekebisha kufuata rula kwahiyo navyo vyote viwili vinakubaliana vizuri tu, uongo mmoja umepata mashahidi wawili. Tukakaa miezi minane tunafurahia kwamba kijito kimeongezeka maji mara mbili na watu wameshaanza kutafuta sababu za kisayansi, kumbe bolti.

Kwahiyo kabla ya kitu kingine chochote: weka bikoni tatu, yaani alama za kudumu za urefu zisizosogea. Chimbia nondo kwenye zege au toboa mwamba uweke bolti ya chuma kisichoshika kutu, mbali na kingo zinazomomonyoka, sio kwenye jiwe linaloweza kubingirika na sio kwenye mti (mti unakua na unayumba). Kwa nini tatu? Ukiwa na moja haujui kama imehama, ukiwa na mbili utajua moja imehama ila hutajua ipi, tatu ndio inakupa jibu. Kila mwaka, na kila baada ya mafuriko makubwa, pima tofauti ya urefu kati ya bikoni zote na ncha ya V na sifuri ya rula. Kama una mashine ya leveli tumia hiyo, kama huna hata mpira wa leveli wa mafundi ujenzi, ule wa plastiki angavu uliojazwa maji bila mapovu, ukitumiwa kwa utulivu unafika milimita mbili tatu. Andika namba zote hata kama hazijabadilika. Hasa kama hazijabadilika.

Mahali pa kujenga

Tembea kijito chote kiangazi kwanza, kiangazi ndio utaona maji yanapotea wapi. Unatafuta sehemu mwamba uko karibu, kingo zimebana, hakuna chemchemi inayoingia chini kidogo tu ya pale, na nyuma kuna nafasi ya kidimbwi cha kutuliza maji. Ukuta lazima ushuke mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu usiopitisha maji na uingie ndani ya kingo pande zote mbili, la sivyo maji yatapita chini na pembeni na wewe unapima yaliyobaki.

Namna ya kujua kama yanapita chini: siku ya ukame pima maji kwa chumvi (nitaeleza) mita kadhaa chini ya ukuta, linganisha na yanayopita kwenye V. Kama chini ni mengi zaidi basi unavuja.

Maji yakimwagika kutoka kwenye V lazima yaanguke huru, kuwe na hewa chini ya ule utandu wa maji, usawa wa maji ya chini ukae angalau sm 5 chini ya ncha hata kipindi cha maji mengi. Na rula pamoja na kifaa visikae pale pale kwenye V maana uso wa maji unainama ukikaribia pengo, weka nyuma umbali wa mara nne au tano ya kimo kikubwa unachotegemea. Kimo cha juu sm 50, basi mita 2 hadi 2.5 nyuma.

Ukubwa wa V? Kidakio cha hekta 20, lita moja kwa sekunde ni sawa na milimita 0.43 kwa siku juu ya eneo lote. V ya nyuzi 90 ikijaa mpaka sm 50 inabeba lita 244, ambayo ni kama milimita 4.4 kwa saa zinazotoka kwenye kidakio chote. Kama mvua za kwenu zinaweza kutoa zaidi ya hapo, jenga juu ya V sehemu pana ya kupitisha mafuriko, au tumia V ya nyuzi 120.

Kijito kikibeba mawe na mchanga mwingi kizingiti kitakusumbua, kidimbwi kinajaa kila masika unabaki unachota mchanga. Hapo afadhali mfereji wa kupimia ambao maji yanapita kwa kasi yanabeba uchafu wake, kuna aina inaitwa San Dimas ilibuniwa kwa ajili ya vijito vya milimani vyenye mawe. Hubbard Brook kwenye baadhi ya vituo wana vyote viwili, V kwa maji madogo na San Dimas kwa makubwa. Na kama huwezi kujenga kabisa (hifadhi imekataa, au hela hakuna) unaweza kutumia sehemu ya asili ambapo mwamba unatengeneza kizingiti chenyewe, ila hapo fomula ya juu haikuhusu, utatengeneza grafu yako mwenyewe kwa kupima pima miaka yote.

Kifaa, na ujanja wa hewa

Kifaa cha siku hizi ni kidude cha presha unakizamisha kwenye bomba lenye matundu pembeni ya kidimbwi. Kirekodi kila dakika 5 au 10. Usiweke kila saa, vijito hivi vinapanda na kushuka ndani ya saa moja, na mtu anayesoma rula mara moja asubuhi ataona kijito kipole sana ambacho usiku kilikuwa kinabeba mawe.

Sasa hiki kidude kinahisi uzito wa maji PAMOJA na uzito wa hewa iliyo juu yake, isipokuwa vile vyenye kamrija ka kupumulia kwenye waya. Hektopaskali moja ya presha ya hewa ni kama sm 1 ya maji. Kwahiyo unahitaji kidude cha pili kinachoning'inia hewani pale pale kituoni, unatoa namba ya cha hewani kwenye namba ya cha majini. Ukisahau, au cha hewani kikifa, utaona mchezo wa ajabu: maeneo ya tropiki presha ya hewa inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama saa ya ukutani, juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ni hektopaskali 2 au 3. Grafu yako itakuwa na mawimbi mawili kila siku ya sm 2 au 3, mazuri kabisa, na hakuna hata moja la maji.

Na cha kuchanganya zaidi ni kwamba kuna wimbi la kila siku ambalo ni la kweli. Msitu unakunywa mchana. Kipindi cha ukame miti ya kando ya kijito inavuta maji jua likiwa kali, kijito kinashuka milimita chache mchana mpaka jioni alafu usiku kinajirudisha. Sehemu za theluji ni kinyume, jua linayeyusha theluji, maji yanapanda jioni. Basi mi nahesabu nundu: mbili kwa siku ni hewa, moja kwa siku inaweza kuwa miti. Nasema inaweza kwa sababu kidude cha hewani kikiwa ndani ya kisanduku cha chuma kinachopigwa na jua nacho kinapata joto kinadanganya mara moja kwa siku, kwa saa zilezile ambazo miti inakunywa. Kiweke kivulini, tena kivuli cha kweli, au kining'inize ndani ya bomba juu ya usawa wa mafuriko ambako joto halibadiliki sana. Kabla hujasherehekea kwamba umeona msitu unapumua, angalia kama wimbi lipo hata siku ya mawingu mazito na mvua ndogo. Kama lipo vilevile, sio miti.

Rula ibaki hata ukiwa na kifaa cha bei kubwa kiasi gani. Namba za kifaa zinahama zenyewe taratibu, rula iliyofungwa kwenye ukuta na kukaguliwa kwa bikoni ndio mahakama. Ongeza na kile kibomba cha kujua kimo cha juu kabisa cha mafuriko, ni bomba wima lenye matundu chini, ndani kijiti na unga wa koki, maji yakipanda unga unaelea, yakishuka unaganda kwenye kijiti pale yalipofikia. Hakina betri. Siku kifaa kimezama au kimebebwa, hicho kibomba ndio kitakuambia.

Kupima maji yenyewe kwa chumvi

Fomula ya V ni ya maabara, V yako imejengwa msituni na watu waliochoka. Lazima uihakiki. Maji kidogo sana unatumia ndoo na saa: ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 4 ni lita 2.5 kwa sekunde, rudia mara tano, chukua wastani, basi. Maji yakizidi ndoo, njoo kwenye chumvi. Kile kipangaboi kinachozungushwa na maji ili kupima kasi yake hakifai sana huku, mawe mengi, kina kidogo, maji yanachemka.

Chumvi ya kawaida ya mezani, pima kwa mizani ukiwa mahali pakavu, funga kwenye mifuko ya gramu 100 na 200 na andika uzito juu yake. Kiasi ni kama kilo 1 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo moja kwa sekunde, kwahiyo kijito cha lita 50 kwa sekunde ni gramu 50 hadi 250. Anza na kidogo, kuna vyura na wadudu mle ndani na wewe unachotaka ni namba tu. Iyeyushe yote kwenye ndoo yenye maji ya kijito hichohicho, koroga mpaka hamna punje chini. Tafuta sehemu ambayo maji yanavurugika na kutoa mapovu, isiyo na madimbwi yaliyotulia pembeni wala kijito kingine kinachoingia. Unamwaga juu, unasoma chini, umbali angalau mara 25 ya upana wa kijito, kijito cha mita moja basi mita 25 na kuendelea.

Chini hapo unazamisha mita ya kupima upitishaji umeme wa maji. Soma kwanza maji yalivyo kabla, maji ya msitu wa mlimani mara nyingi yana upitishaji mdogo sana kwahiyo chumvi inaonekana vizuri. Mwenzako anamwaga ndoo mara moja yote, anaisuuza hapohapo. Unasubiri. Namba haisogei, haisogei, alafu inaanza kupanda, inapanda haraka, inafika kilele, inashuka taratibu na mkia mrefu unaochosha, na hapo ndipo watu wanakosea, wanatoa mita kabla mkia haujaisha. Kaa mpaka irudi ilipoanzia. Rekodi kila sekunde 5.

Hesabu yake: geuza kila ongezeko kuwa miligramu za chumvi kwa lita, jumlisha zote, zidisha kwa sekunde 5. Tuseme umepata 4,000. Ulimwaga gramu 200 yaani miligramu 200,000. Gawanya, 200,000 kwa 4,000 ni lita 50 kwa sekunde. Imeisha.

Ile kugeuza ongezeko kuwa miligramu usitumie namba ya kwenye karatasi ya mtengenezaji, ifanye kwa maji ya kijito chako: lita moja ya maji ya kijito kwenye chombo, unaongeza maji ya chumvi yenye gramu 10 kwa lita, mililita moja moja. Kila mililita inaongeza kama miligramu 10 kwa lita na mita inapanda kama maikrosimensi 20 hivi kwa sentimita (hicho ndio kizio cha upitishaji umeme). Chora, utapata mstari ulionyooka, huo ndio mteremko wako wa siku hiyo.

Na kuhakikisha chumvi imechanganyika vizuri, rudia ukiwa umeweka mita ukingo wa pili. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache sogea chini zaidi.

Vipimo hivi unavipachika kwenye grafu ya kimo kwa lita, wenyewe wanaiita retingi kevu. Utajikuta una vipimo thelathini vya maji madogo na viwili vya maji makubwa maana mafuriko yanakuja usiku na wewe upo kitandani. Nenda makusudi siku za mvua, kaa kambini karibu na kituo wiki nzima masika ikibidi, kipimo kimoja cha maji makubwa kina thamani kuliko kumi vya kiangazi. Juu ya kipimo kikubwa ulichowahi kupima, mi sivuki mara mbili yake kwa kurefusha mstari tu, zaidi ya hapo naandika pembeni "kadirio". Na usiingie kwenye maji makubwa. Chumvi unaweza kumwaga na kusoma ukiwa ukingoni, ndio mojawapo ya sababu naipenda.

Ziara, na daftari

Kila wiki mbili ni nzuri, kila mwezi ni mwisho. Ukifika, kabla hujagusa kitu chochote, soma rula na andika saa. Alafu angalia V. Mara nyingi kuna jani. Jani moja pana limelala kwenye pengo, au kijiti kimekwama na majani yamejipanga nyuma yake kama foleni, maji yamepanda sm 1. Kwenye kimo cha sm 6 hiyo sm moja inasomeka kama asilimia 47 zaidi ya maji. Piga picha, toa, subiri kidimbwi kitulie robo saa, soma rula tena, andika saa tena. Zile namba mbili, kabla na baada, ndio zitakuwezesha kurekebisha grafu baadae. Mtu anayefika na kusafisha kwanza alafu ndio asome amefuta ushahidi. Hivyohivyo ukichota mchanga kidimbwini.

Wavu wa kuzuia majani uweke mita kadhaa juu ya kidimbwi, sio kwenye V.

Saa ndugu zangu. Tuliwahi kupokea daftari limeandikwa "saa 3" kwa miezi kadhaa, na wasaidizi walikuwa wawili, mmoja anahesabu kwa Kiswahili saa tatu asubuhi, mwingine anasoma simu 3:00 ya mchana. Andika saa za mfumo wa 24, 09:00 au 15:00, na kifaa kiwe kwenye majira hayohayo mwaka mzima, kama nchi yenu inabadilisha saa majira ya joto kifaa kisifuate. Kila ukipakua data linganisha saa ya kifaa na ya simu, andika tofauti kwanza ndio urekebishe.

Penseli, sio kalamu ya wino, mvua itakula wino. Betri badilisha kabla hazijaisha. Sisimizi wanapenda visanduku vya vifaa, ziba matundu.

Mvua nayo pima, angalau vipima mvua viwili, kimoja chini kimoja juu maana mlimani mvua inabadilika na mwinuko, viwekwe sehemu ya wazi ambapo ukisimama kwenye kipima, vilele vya miti vya jirani visizidi nyuzi 45. Misitu ya mawingu inakamata ukungu kwa majani na kipima mvua hakiuoni, kwahiyo usishangae sana kijito kikitoa zaidi ya ulichotarajia.

Ofisini

Faili ghafi lililotoka kwenye kifaa haliguswi milele, nakala mbili sehemu mbili. Unafanyia kazi nakala. Kila rekebisho lina safu yake: namba ya awali, namba mpya, sababu, nani, lini. Pengo likiwepo liache pengo, au ulijaze kwa kutumia kijito jirani na uweke alama wazi kwamba limejazwa. Mtu akijaza mapengo kimyakimya kwa kunyoosha mstari anafuta mafuriko, maana kifaa kinakufa siku za mafuriko, hakifi siku ya jua.

Eneo la kidakio lipime vizuri maana ukigeuza lita kuwa milimita kosa la eneo linaingia kwenye kila namba ya miaka yote. Ramani za setelaiti kwenye msitu mnene mara nyingi zinaona vilele vya miti badala ya ardhi, tembea kwenye kilele cha mlima na GPS, uone mwenyewe maji yanagawanyika wapi.

Kama unataka kujua msitu unafanya nini kwa maji, kijito kimoja hakitoshi. Unahitaji viwili vinavyofanana, uvipime vyote miaka kadhaa bila kugusa chochote mpaka ujue kimoja kinafuatana vipi na kingine, ndio uvune au upande miti kwenye kimoja. Hivi ndivyo walivyofanya Wagon Wheel Gap kule Colorado kuanzia 1910, wakasubiri mpaka 1919 ndio wakakata. Hubbard Brook walipokata kidakio kimoja chote majira ya baridi ya 1965 kuingia 1966 na kuzuia miti isiote tena, maji ya mwaka wa kwanza yaliongezeka karibu asilimia 40, na waliweza kusema hivyo kwa uhakika sababu walikuwa na jirani wa kulinganisha. Coweeta walipobadilisha miti ya majani mapana kuwa misonobari maji yakapungua kama asilimia 20, ila ilichukua zaidi ya miaka 10 kuonekana vizuri. Na Mbeya, kwenye vidakio vilivyoanza kupimwa mwishoni mwa miaka ya 1950, chenye mashamba kilitoa maji mengi kuliko cha msitu, jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia, ila udongo wa kule ni wa volkano unaonywea maji vizuri sana, kwingine ungeweza kuondoka wote. Usije na jibu kichwani.

Ukibadilisha kifaa, cha zamani na kipya vikae pamoja mwaka mzima, vione kiangazi na masika vyote. Ukikabidhi kituo, andika karatasi moja: fomula au kevu inayotumika na tarehe ilipoanza, majira ya saa, tarehe zote za mafuriko makubwa na matengenezo, urefu wa bikoni zote. Alafu mpeleke anayekurithi mpaka msituni umwonyeshe kila bikoni kwa kidole. Mchoro hautoshi, mi nimewahi kutafuta bikoni nusu siku nikiwa na mchoro mkononi, kumbe begi langu nimeliweka juu yake.